Malcolm X na hesabu ya nchi alizozifika kwa ndege

Katika barza zetu za ughaibuni, iwe London, Muscat au Toronto, hakosekani mtu mwenye kuhesabu nchi. Mmoja atasema amefika nchi 12, mwengine atajibu yeye 20, na hapo ubishi huanza. Je, Dubai inahesabika ikiwa ulikaa saa 4 tu ndani ya kiwanja cha ndege ukingojea ndege nyengine? Na Zanzibar na Tanganyika, ni nchi moja au mbili? (Hili la pili wasomaji wetu wa nyumbani wanajua kuwa haliishi kwa kikombe kimoja cha kahawa.)

Leo tumeona tuichukue hesabu hiyo hiyo tuipeleke kwa mtu aliyeuawa miaka 60 na zaidi iliyopita, mtu ambaye jina lake linajulikana kila pembe lakini safari zake hazisimuliwi sana kwa lugha yetu. Naye ni Malcolm X, au kwa jina lililokuwa kwenye kaburi lake, El-Hajj Malik El-Shabazz. Safari zake karibu zote za ng'ambo alizifanya ndani ya miezi 10, kuanzia Aprili 1964 hadi Februari 1965, na alizifanya kwa ndege. Kwake yeye idadi ya nchi haikuwa jambo la kujifaharisha. Ilikuwa ni hesabu ya kura.

Alizaliwa tarehe 19 Mei 1925 mjini Omaha, jimbo la Nebraska, akaitwa Malcolm Little. Mama yake, Louise, alitoka kisiwa cha Grenada. Baba yake, Earl, alikuwa mhubiri na mfuasi wa Marcus Garvey, yule Mjamaika aliyeanzisha kampuni ya meli ya Black Star Line mwaka 1919 kwa matumaini ya kuwaunganisha watu weusi wa pande zote mbili za bahari. Kampuni ile ilikufa mwaka 1922. Earl Little naye alikufa mwaka 1931, akiwa amekatwa na tramu mjini Lansing, Michigan, na familia haikuamini kuwa ile ilikuwa ajali tu. Mama alielemewa, akapelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili, na watoto wakatawanywa.

Chombo cha kwanza cha safari alichokifahamu vyema kijana Malcolm kilikuwa treni, tena si kama abiria. Aliuza sandwichi ndani ya mabehewa baina ya Boston na New York. Kisha akaingia katika wizi na bangi, akakamatwa mwaka 1946, akakaa jela mpaka Agosti 1952. Humo jela ndimo alimoinakili kamusi kwa mkono, neno kwa neno, na ndimo alimojiunga na Nation of Islam ya Elijah Muhammad. Hayo yameandikwa sana na hatutayarudia. La kukumbuka ni kuwa mtu huyu, aliyekuja kuzungumza na marais, alikuwa na umri wa miaka 34 alipovuka bahari kwa mara ya kwanza.

Safari hiyo ya kwanza ilikuwa Julai 1959. Alitumwa na Elijah Muhammad kumtengenezea njia, akapita Misri, Saudi Arabia, Sudan, Nigeria na Ghana. Hakuhiji mwaka ule. Lakini hata kule kuweza kuondoka tu kulikuwa na historia yake. Miaka michache kabla, serikali ya Marekani ilikuwa ikiwanyang'anya pasipoti watu weusi waliokuwa na mdomo. Paul Robeson, mwimbaji aliyejaza kumbi dunia nzima, alifungiwa ndani ya nchi yake kuanzia 1950 hadi 1958. Mzee W.E.B. Du Bois naye alizuiwa. Mwaka 1958 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kuwa wizara ya mambo ya nje haina haki ya kumnyima raia pasipoti kwa sababu ya mawazo yake. Malcolm alipanda ndege mwaka mmoja tu baadaye. Sisi tulioacha nyumbani kwa sababu ya maneno yetu tunajua uzito wa kijitabu kile.

Machi 1964 alijitoa katika Nation of Islam, au tuseme alisukumwa nje na yeye akamalizia kwa kuufunga mlango. Hakuwa na fedha. Dada yake wa baba mmoja, Ella Collins wa Boston, alikuwa akijiwekea akiba ya kwenda kuhiji, akampa yeye akiba hiyo. Tarehe 13 Aprili 1964 akaondoka New York. Ndege ilitua Frankfurt, na yeye akapata muda wa kutembea madukani kabla ya kuendelea na safari ya Cairo. Basi Ujerumani ihesabiwe au isihesabiwe? Sisi tunaiacha nje, na mwenye kutaka kuitia aitie.

Kutoka Cairo kwenda Jeddah alipanda ndege iliyojaa mahujaji waliovaa ihramu, weupe kwa weusi. Ndani ya ndege ile alifanyiwa heshima ya kuingizwa kwenye chumba cha marubani, akakuta kuwa mmoja wao, Mmisri, ni mweusi kumshinda yeye. Katika maisha yake hakuwa amemuona mtu mweusi akirusha ndege ya jeti. Asilione msomaji jambo hili kuwa dogo. Kwao Marekani wakati ule, rubani mweusi aitwaye Marlon Green alikuwa ameshitaki hadi Mahakama Kuu, akashinda mwaka 1963, na mpaka Malcolm anapaa juu ya Bahari ya Shamu, Green alikuwa bado hajaanza kazi. Shirika lile lilimpa usukani mwaka 1965.

Kiwanja cha Jeddah ndipo palipomvunja moyo kwanza. Afisa aliitazama pasipoti ya Kimarekani, akamtazama mwenyewe, akaiweka pembeni. Mmarekani Mwislamu lilikuwa jambo la kutiliwa shaka, na ilibidi afikishwe mbele ya baraza la mahujaji lithibitishe Uislamu wake. Wakamweka katika jengo la kiwanja pamoja na mahujaji wa kila taifa, wanaolala juu ya mazulia na kula sahani moja. Huko aligundua kuwa yeye, aliyekuwa msemaji maarufu wa Uislamu Marekani kwa miaka 10, hajui kusali vizuri. Mguu haukunji, kiuno hakitulii, maneno ya Kiarabu hayaji. Akawa anawatazama wenzake na kuwafuatisha. Mtu aliyekuwa akiogopwa na polisi wa New York amekaa sakafuni anajifunza kukaa tahiyatu.

Aliyemtoa ni namba ya simu. Profesa mmoja wa Kimisri aliyekuwa New York, Dk. Mahmoud Shawarbi, alimwandikia barua ya kumtambulisha na kumpa jina la Omar Azzam. Baba yake Omar, Abdulrahman Azzam, alikuwa Katibu Mkuu wa kwanza wa Jumuiya ya Nchi za Kiarabu, na familia hiyo ilikuwa imeoleana na ya Faisal, ambaye wakati huo alikuwa bado mwana mfalme. Alipopiga simu mambo yakageuka. Mzee Azzam alimwachia vyumba vyake hotelini, baraza likampitisha, na akahiji akiwa mgeni wa dola. Kila mtu anajua kuwa hija ile ilimbadilisha fikra juu ya Wazungu. Tungeongeza tu kwamba kabla ya Makka ilikuwepo ile siku ya kiwanja cha ndege, pale alipokuwa si kitu.

Baada ya hapo nchi zilifuatana upesi. Lebanon. Nigeria, ambako wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ibadan walimpa jina la Kiyoruba la Omowale, yaani mtoto aliyerudi nyumbani. Ghana, ambako alionana na Nkrumah, na ambako pia Muhammad Ali, rafiki yake wa juzi tu, alimpa mgongo hadharani. Liberia. Senegal aliiona kwenye kiwanja cha Dakar tu, lakini watu waliokuwepo walipopata habari kuwa ni yule Mwislamu wa Marekani walijipanga foleni kumpa mkono na kutaka saini yake. Kwa kipimo chetu Senegal inahesabika. Nchi ambayo watu wake wamekupangia foleni umeifika, hata kama hukutoka nje ya mlango. Kisha Moroko na Algeria, na tarehe 21 Mei akawa amerudi New York.

Alikaa nyumbani wiki 7 tu. Katika wiki hizo aliunda jumuiya mpya ya Wamarekani wenye asili ya Afrika, aliyoiita kwa kuigiza jina la Umoja wa Nchi Huru za Afrika, OAU. Tarehe 9 Julai akaondoka tena, kwa njia ya London hadi Cairo, ambako viongozi wa OAU walikuwa wakikutana kuanzia tarehe 17 hadi 21. Hapa ndipo hesabu ya nchi inapopata maana. Katika Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, nchi ndogo ina kura 1 na nchi kubwa ina kura 1. Malcolm alitaka mateso ya watu weusi wa Marekani yaache kuitwa haki za kiraia, jambo la ndani, yaitwe haki za binadamu, jambo la dunia, ili serikali yake ishitakiwe kama ilivyokuwa ikishitakiwa Afrika Kusini. Hakuwa na jeshi wala fedha. Alichokuwa nacho ni kwenda nchi baada ya nchi kuomba sauti.

Pale Cairo alikubaliwa kuwa mtazamaji na kugawa waraka wake kwa wajumbe. Mkutano ukapitisha azimio la kulaani ubaguzi nchini Marekani, kwa maneno laini kuliko alivyotaka. Agosti, gazeti la New York Times liliandika kuwa maofisa wa Washington wameanza kuifuatilia kampeni yake. Na walikuwa na sababu, kwani nchi nyingi kati ya zile alizokuwa akizizungukia zilikuwa zikipokea msaada wa Marekani.

Ni hapo Cairo alipokutana na Abdulrahman Babu wetu, na urafiki huo ndio uliochangia kumleta pwani ya Afrika Mashariki. Baada ya kupita tena Saudi Arabia, kisha Kuwait, Lebanon, Sudan na Ethiopia, aliingia Nairobi mwanzoni mwa Oktoba 1964, na siku chache baadaye Tanganyika na Zanzibar. Jina la Tanzania lilikuwa bado halijatangazwa. Lilitangazwa tarehe 29 Oktoba, yeye ameshaondoka. Baadaye, katika hotuba zake, aliitaja Zanzibar kwa jina lake na Tanganyika kwa jina lake, kisha ndipo akaeleza kuwa sasa zinaitwa Tanzania. Wanaopenda kuhesabu mbili wanaweza kumchukua kuwa shahidi wao.

Dar es Salaam alikaribishwa na Mwalimu Nyerere nyumbani kwake wakazungumza kwa saa kadhaa, Babu akiwepo. Alipoondoka kurudi Kenya alijikuta ndani ya ndege moja na Jomo Kenyatta na Milton Obote, akapata kuzungumza nao njiani. Fikiri, msomaji: miaka 18 kabla yake mtu huyu alikuwa mfungwa, na sasa yumo hewani, Bahari ya Hindi chini yake, pamoja na wakuu wa nchi mbili. Nairobi, katika hoteli ya New Stanley, alikutana bila ya miadi na John Lewis na Donald Harris, vijana wa harakati za kusini mwa Marekani. Nyumbani kwao wasingekaa meza moja kwa urahisi, kwani wao walikuwa watu wa njia ya amani na yeye akiitwa mtu wa bunduki. Hapo walizungumza kwa muda mrefu na wakaelewana.

Lazima tuseme na la upande wa pili. Oktoba 1964 Zanzibar ilikuwa na miezi 9 tangu mapinduzi. Wakati Malcolm anapokelewa kwa shangwe na mawaziri, zilikuwepo familia nyingi, na baadhi ya wasomaji wetu wamezaliwa humo, zilizokuwa zimekwisha kuuliwa watu wao, kufungwa au kukimbilia ng'ambo bila ya njia ya kurudi. Yeye hakuyazungumza hayo. Mgeni wa serikali huingizwa kwa mlango wa mbele, na uani hafiki. Babu mwenyewe, mwenyeji wake, alifungwa kuanzia 1972 hadi 1978, akaishia uhamishoni na kufia London mwaka 1996. Hatusemi haya kumpunguzia Malcolm heshima. Alikuja kutafuta kura, na kura hupigwa na serikali.

Kutoka Afrika Mashariki alizunguka tena magharibi, Nigeria, Ghana, Liberia, halafu Guinea alikokuwa mgeni wa Sékou Touré, kisha Algeria, Uswisi na Ufaransa. Ndani ya ndege kutoka Algiers kwenda Geneva alikaa karibu na Wamarekani wawili weupe, mwanamme na mwanamke. Wakazungumza vizuri karibu dakika 40. Yule bibi alikuwa ameliona begi lake lina herufi za M na X, akamuuliza ni jina gani la ukoo linaloanza kwa X. Akajibiwa kuwa ni X tu. Akauliza M ni ya nini. Malcolm. Ikamchukua yule bibi muda kukubali kuwa jirani yake mpole ndiye yule mtu wa kwenye magazeti, kwani alikuwa amejitayarisha kukutana na dubwana. Malcolm alikipenda kisa hiki na alikisimulia, kwa sababu kilimwonesha kazi ya magazeti kuliko hotuba yoyote.

Paris alihutubia ukumbi uliofurika tarehe 23 Novemba, na kesho yake akarudi New York baada ya miezi minne na nusu. Siku hiyo hiyo, tarehe 24 Novemba 1964, ndege za kijeshi za Marekani zilikuwa zikiwaangusha askari wa miavuli wa Kibelgiji juu ya Stanleyville, ambayo sasa ni Kisangani, mji wa Waswahili wenzetu wa Kongo. Malcolm alilishika jambo la Kongo na hakuliacha tena. Desemba, mawaziri wa Kiafrika waliposimama katika Baraza la Usalama na kuifananisha Stanleyville na Mississippi, ilionekana kuwa zile safari hazikupotea bure. Mwezi huo huo Babu alifika Harlem na kuhutubia mkutano wa Malcolm.

Lakini safari zilikuwa na bei yake. Jumuiya aliyoiunda iliachwa bila ya kichwa kwa miezi. Septemba, yeye yuko ng'ambo, mahakama iliamua kuwa nyumba anayoishi mkewe Betty na watoto ni mali ya Nation of Islam. Vitisho vya kumuua viliongezeka. Marafiki zake wa Afrika walimshauri abaki huko. Alikataa, nasi tuliobaki ughaibuni hatuwezi kulipita neno hilo haraka.

Hesabu yetu sasa, bila ya Ujerumani, bila ya Canada alikokwenda Januari 1965 kwani tunahesabu ng'ambo ya bahari tu, na Tanzania ikiwa moja, inafika nchi 18 pamoja na Uingereza. Ya mwisho iliyoandikwa ni ile aliyozuiwa. Tarehe 9 Februari 1965 alipanda ndege London kwenda Paris kuhutubia. Kiwanja cha Orly polisi walimzuia, wakamwambia hatakiwi nchini kwani atavuruga utulivu. Hakuruhusiwa hata kuupigia simu ubalozi wa nchi yake. Akawaachia peni 1 ya Kiingereza wampelekee Jenerali de Gaulle, kwamba ndiyo thamani ya serikali yake, wakampandisha ndege ya kurudi London. Miezi 3 kabla, kiwanja hicho hicho hakikuwa na neno.

Alirudi New York tarehe 13 Februari. Usiku wa kuamkia tarehe 14 nyumba ilitupiwa mabomu ya petroli, yeye, Betty na watoto wakiwemo ndani. Walitoka salama. Asubuhi hiyo alipanda ndege kwenda Detroit kwa sababu alikuwa ameahidi, na jioni akawasimulia watu kisa cha yule bibi wa ndege ya Geneva.

Jumapili tarehe 21 Februari 1965 alipigwa risasi katika ukumbi wa Audubon, New York, mbele ya mkewe na watoto wake. Alikuwa na miaka 39. Aliyemwosha na kumkafini ni Sheikh Ahmed Hassoun, Msudani aliyetoka Makka kuja kumsaidia kuufundisha Uislamu Harlem. Alizikwa tarehe 27 Februari katika makaburi ya Ferncliff, nje kidogo ya jiji. Mabinti zake wawili wa mwisho, mapacha, walizaliwa baadaye mwaka huo.